Salamu kwa Mzee Kobero

"Yule mbuzi wako ameshazaa?" sauti ya Mzee Kobero iliniuliza kutoka nyuma ya mlango wa chumba cha kulala.

Nilikuwa nimesimama sebuleni kwake, Bigwa, Jumatano saa tisa alasiri, mkate na kilo mbili za sukari bado viko mkononi. Mkewe, Mama Skola, alikuwa pembeni yangu, anatazama vidole vya miguu yangu kama vile vina maandishi.

Mimi sina mbuzi. Sijawahi kuwa na mbuzi. Mimi ni Editruda Mbena, mhandisi wa magari ya kamba, yale yanayopanda milima ya Uluguru yakining'inia kwenye nyaya, na naishi ghorofa ya sita. Halafu mbuzi nawaogopa. Mwaka tuliojenga mnara wa nne kule Mgeta, beberu la mtu lilinikimbiza mpaka nikapanda juu ya pipa la grisi, na Mzee Kobero, bosi na mwalimu wangu, alicheka mpaka akakaa chini kwenye matope. Kwa miaka kumi baadaye kila akiniona alikuwa ananiuliza, "Truda, pipa liko wapi?" Sasa mtu huyo aniulize kama mbuzi wangu amezaa?

"Amezaa, mzee," nikajibu, maana ushanga ulikuwa unasikiliza. "Mapacha."

"Ah, hongera sana mwanangu! Na mimi goti linanisumbua, ndiyo maana siamki. Lakini nipo, nipo."

Ushanga nyuma ya sikio langu ukapata joto kidogo, ukaninong'oneza: *Salamu ya ana kwa ana imepokelewa. Endelea kwa robo saa.*

*

Naomba nieleze jambo kabla hujanicheka.

Kila mtaalamu nchini sasa hivi, awe nesi, mpima ardhi au fundi wa leseni, amebandikwa ushanga nyuma ya sikio, na ushanga huo umeshika nyuzi thelathini. Uzi mmoja ni mtu mmoja wa taaluma anayekufahamu na anayekubali kukudhamini. Mfumo mzima unaitwa Utando. Waliouanzisha walikuwa na nia nzuri, sikatai. Walichoka na vyeti vya kughushi, wakasema mtaalamu ajulikane kwa watu, na watu wajuliane hali. Basi kila siku ishirini na moja lazima usalimiane na kila mtu wako. Ushanga unapima sauti na mapigo ya moyo, unaijua salamu ya kweli na salamu ya kupitisha. Mkinyamaziana, uzi unakatika. Zikipungua thelathini, leseni inalala, na kuiamsha si kazi ya leo wala kesho, kwa sababu nani atataka kufunga uzi na mtu aliyeanguka? Ukivua ushanga zaidi ya saa moja, zinakatika zote kwa mpigo.

Wapo wachache wanaoitwa mizizi, wakongwe waliobobea, ambao uzi wao mmoja unahesabiwa kumi. Mzee Kobero ni mzizi. Watu ishirini na sita tumemning'inia.

Sasa niambie, nani ana muda wa kuwajulia hali watu thelathini kwa moyo mkunjufu kila wiki tatu? Ndipo akaja kaimu. Kaimu ni programu inayosema kwa sauti yako na kukumbuka habari zako, ikisindikizwa na mapigo ya moyo yaliyorekodiwa siku uliyokuwa na furaha. Iliruhusiwa kwa wagonjwa na wasafiri tu. Basi sote tukawa wagonjwa, sote tukawa wasafiri. Kaimu wangu alikuwa akimsalimia Mzee Kobero kwa miaka miwili na miezi minne, na bila shaka ndiye aliyemzua huyo mbuzi ili mazungumzo yapambe moto.

Isingekuwa njia ya Bondwa, nisingekuja. Wanajenga njia mpya ya kamba hadi kilele cha Bondwa, na mimi ninagombea kuwa mhandisi mkuu wake. Kazi hiyo nimeililia tangu nina miaka ishirini na sita. Kamati inakaa Ijumaa, na kwa cheo kikubwa kaimu haruhusiwi: ushanga wangu na ushanga wa mzizi wangu lazima zikutane ndani ya nyumba moja, tuongee robo saa.

Kwa hiyo nilikuja kwa shida zangu, na kwa mara ya kwanza tangu mzee astaafu. Aibu hiyo niliingia nayo mlangoni.

*

"Niingie nimwone, mama," nikasema.

"Amelala, mwanangu. Ongea naye hapo hapo."

"Si anaongea?"

Mama Skola alinitazama usoni kwa mara ya kwanza, akatazama sikio langu, kisha akaupokea ule mkate na sukari akaviweka mezani. Akanishika mkono, akafungua mlango wa chumba.

Hakuna mtu.

Kitanda kilikuwa kimefunguliwa, kimeegemezwa ukutani. Godoro liko chini, limetandikwa kanga nyeusi. Kwenye kigoda palikuwa na kipaza sauti kidogo, na juu ya dirisha picha ya Mzee Kobero akiwa na kofia ya chuma ya kazini, imezungushiwa utepe mweusi na rozari.

Nani aliyezaliwa nchi hii asijue maana ya godoro kuwa chini?

Nikafungua mdomo. Mama Skola alinirukia, mama wa miaka sabini na mbili, akaniziba kwa kiganja chake. Kiganja kilinukia vitunguu. Kwa mkono wa pili akasogeza kilemba chake juu, na nyuma ya sikio lake nikaona ushanga. Mama Skola ni mkulima wa kabichi na karoti, hana taaluma ya kusajiliwa. Ule ulikuwa ushanga wa mumewe.

"Goti hili, Truda," kipaza sauti kikasema kwa uchangamfu. "Ukizeeka ndiyo hivyo."

"Pumzika tu, mzee," nikasema. Sijui sauti niliitoa wapi.

Chini ya mto kulikuwa na daftari la ukaguzi, la mistari ya bluu, lile ambalo mzee alikuwa akiandikia hali ya kila waya. Ushanga unasikia lakini hauoni. Mama Skola akaandika kwa kalamu ya risasi, taratibu, kwa herufi kubwa za shule ya zamani:

*MIEZI SABA. MOYO. AMEZIKWA MGETA.*

Nikakaa chini kwenye godoro. Miezi saba! Miezi saba mashine yangu inaiuliza mashine yake goti linaendeleaje, na mashine yake inauliza habari za mbuzi, na mimi huku naletewa taarifa kila wiki tatu: *uzi wenu una afya njema.*

Nikaichukua kalamu. *Nani anajua?*

*WAMEKUJA KUMI NA WAWILI. WANANILETEA SUKARI. MASHAURI NDIYE ALIYEPANGA. KWANZA ALISEMA WIKI MOJA.*

Kisha akaeleza, ukurasa baada ya ukurasa, huku mimi na mume wake asiyekuwepo tukiendelea kuzungumza juu ya mvua za vuli ili dakika zitimie. Sauti ya kwenye kipaza ni ya kaimu wa mzee, lakini ushanga unataka joto la mwili na moyo unaodunda, kwa hiyo akauvaa yeye. Anapovaa, mzee yupo hai na yupo nyumbani, kwa hiyo haendi sokoni wala kanisani. Akilia, mapigo yatabadilika na Utando utauliza kuna nini, kwa hiyo halii. Shemeji zake kule Mgeta walimpa pole siku mbili, kisha akarudishwa Bigwa awe mke wa mtu anayeumwa goti. Mtaa mzima ni walimu na manesi na makarani, kila sikio lina ushanga, kwa hiyo majirani hawajui. Skola, binti yake, ni nesi Mbeya, naye ana ushanga. Anapiga simu kila Jumapili. Anajua. *ANALIA, ANASEMA ANA MAFUA. NAMWAMBIA ANYWE TANGAWIZI.*

Mwisho akaandika mstari mmoja, akanigeuzia daftari nisome:

*HAKUNA ALIYENIPA POLE KATIKA NYUMBA HII.*

*

Mashauri alifika kabla sijajua la kufanya. Anakaa mtaa wa pili, na kumbe kila akija mgeni Mama Skola ana agizo la kumbipu. Mashauri ni mkaguzi wa breki kwenye njia yetu ya zamani, mtu wa masihara, mwenye tumbo na kicheko. Siku hiyo hakuwa na kicheko.

"Aaa, dada Truda!" akasema kwa sauti ya kusikilizwa na ushanga. "Umekuja kumwona mzee! Safi sana. Mzee, hujambo?"

"Sijambo, Mashauri! Wanao?"

"Wazima, mzee wangu."

Huku anasema hayo, amenitumbulia macho na jasho linamtoka puani. Akalivuta daftari.

*Usiseme kitu. Nakuomba.*

*Mlinificha kwa nini?* nikaandika, kalamu ikatoboa karatasi.

*Hukuwahi kuja. Tukaona tusikusumbue.*

Hilo lilinipata. Nilitamani nimtukane, lakini tusi halikuwa na pa kupita, maana alichoandika ni kweli tupu.

*Mama amefungwa humu kama mfungwa,* nikaandika. *Halii, Mashauri. Mnaona hilo?*

*Naona kila siku. Unadhani nalala? Lakini tuko ishirini na sita. Bila mzee, mimi nabaki na nyuzi ishirini na mbili. Nina miaka hamsini na moja. Nitarudi kupaka grisi chini ya vijana niliowafundisha. Chitemo ana mke mjamzito. Bi Lwanda amebakiza mwaka mmoja astaafu. Ukisema, hujisemei wewe. Unatusemea wote.*

*Mpaka lini?*

*Tupate mzizi mwingine. Mwaka. Labda miwili.*

Mama Skola alikuwa anasoma juu ya mabega yetu. Alipoona *labda miwili* alikwenda dirishani, akachukua kitambaa cheupe kilichokunjwa chini ya picha, akaanza kukikunjua na kukikunja.

Kitambaa kile nakijua. Waya wa gari la kamba ni nyuzi nyingi za chuma zilizosokotwa pamoja, na hatari yake ni kwamba zinaweza kukatika moja moja huku juu waya unang'aa kwa grisi. Vifaa vya kupimia tunavyo, vya kila aina. Lakini Mzee Kobero kila asubuhi alikuwa akishika kitambaa cha pamba, anauzungushia waya, anaagiza mtambo utembee polepole. Uzi uliokatika unanasa pamba. Alikuwa akipata kipande kimenasa, anasimamisha njia yote, abiria wapige kelele, meneja apige kelele, yeye anasema tu, "Kilichokatika kimekatika, tukionyeshe." Mara moja nilimwona mtu anapaka grisi juu ya mkato ili siku ipite. Mzee hakumgombeza. Alimfukuza.

Sikuwa na ushujaa wowote, nisije nikakudanganya. Niliangalia kile kitambaa nikaona haya, kisha nikawaza Bondwa. Niliwaza mnara wa juu kabisa, mawingu chini ya miguu, jina langu kwenye kibao cha shaba. Nikawaza na mke wa Chitemo pia, na Bi Lwanda ambaye alinifundisha kuvaa mkanda wa usalama. Wao walinikosea nini mimi?

Ushanga ukapata joto. *Salamu ya ana kwa ana imekamilika. Uzi wenu ni imara. Kamati imearifiwa. Hongera, Mhandisi Mbena.*

Mashauri naye alikuwa ananiangalia usoni, akaelewa. Akapumua kwa nguvu, akaandika: *Umepata ulichokuja kukitafuta. Nenda nyumbani, dada. Ijumaa utakuwa mkuu wetu. Tutakuja kukupongeza.* Akachana kurasa zote, akazikunja, akazitia mfukoni, akatoka kukaa barazani.

*

Nikaaga. Ndiyo, niliaga, sitaki kujipamba.

"Mzee, mimi natoka."

"Haya mwanangu. Uwape majani wale mapacha!"

Mama Skola akanisindikiza mpaka mlangoni, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, kama mama yeyote anavyomuaga mgeni.

"Karibu tena," akasema. "Mzee atafurahi."

Sauti yake ilikuwa shwari kabisa. Alikuwa ameshaizoea, na hilo ndilo lililonitisha kuliko godoro. Nikavuta mkono nitoke. Hakuuachia. Alinitazama tu, macho makavu, amebana midomo, na nikajua kwamba wale kumi na wawili aliwashika hivi hivi hapa mlangoni, na kila mmoja alivuta mkono wake akaenda.

Mashauri akageuka pale barazani. "Dada Truda," akasema taratibu. "Dada Truda, jua linakwenda. Twende nikusindikize."

"Kaka, nisamehe," nikamwambia. "Na wenzako waambie nimeomba msamaha."

"Truda, usi—"

Nikapiga magoti kizingitini. "Mama," nikasema. "Mama, pole. Pole sana kwa msiba. Pole kwa kufiwa na mume wako, Mzee Fidelis Kobero, mwalimu wangu. Nimechelewa miezi saba. Pole, mama."

Ushanga ulipata moto mpaka nikauma meno. *Tanzia imesikika. Thibitisha: nani amefariki?*

"Mhandisi Fidelis Kobero," nikasema kwa nguvu, mtaa wote usikie. "Alifariki mwezi wa tatu. Mkewe yupo hapa. Mimi ni shahidi."

Mama Skola akapeleka mkono nyuma ya sikio, akaung'oa ule ushanga, akauangalia kwenye kiganja, na ukamtoka ukelele ambao sijawahi kuusikia kwa mtu mzima. "Fideli wangu weee! Fideli! Umeniachia nani!" Akaanguka kifuani kwangu na tukaenda chini wote wawili, pale mlangoni, kati ya ndala na ndoo ya maji.

Kule chumbani kipaza sauti kikasema, "Mama Skola, mbona kelele? Niko s—" kikazima.

*

Nyuzi zilianza kukatika kabla hata hatujainuka. *Ishirini. Leseni yako imelala. Ombi lako la Bondwa limeondolewa.* Nilimsikia Mashauri barazani naye akisomewa zake, anaitikia kwa kuguna. Nilitegemea aje anipige. Alikaa pale ameshika kichwa muda mrefu, halafu akaingia bila kunitazama, akanipita, akabeba kochi peke yake akalitoa nje, kama inavyofanywa, ili wanawake wapate pa kukaa chini. Akarudi akashusha mkate na sukari karibu na ukuta, akachukua meza. Aliporudi mara ya tatu alikuwa analia waziwazi, pua imejaa, na alimwambia Mama Skola, "Pole mama. Nisamehe, mama yangu. Pole."

Jirani wa kwanza alikuwa mwalimu mmoja na chaki mkononi. Baada yake sikuhesabu tena. Kanga zilifungwa viunoni, mkeka ukaja, sufuria kubwa ikatoka nyumba ya pili, na yule mama wa miaka sabini na mbili akawekwa katikati ya godoro lake, akashikwa huku na huku na watu waliokuwa wanalia naye. Mtu alimpigia Skola. Niliisikia sauti ya yule binti mpaka nje ya simu, na safari hii hakutaja mafua.

Nilikuwa nimekaa pembeni ukutani ushanga uliponinong'oneza kwa mara ya mwisho. Alikuwa kaimu wangu, na sauti yangu mwenyewe, yenye furaha ya kurekodiwa: *Leo ni siku ya kumjulia hali Mzee Kobero, lakini hapatikani. Nimwachie ujumbe gani?*

"Mwambie sina mbuzi," nikasema. "Mwambie nilikuwa na shughuli nyingi."

Nikauvua, nikauweka juu ya kilo zangu mbili za sukari.

Mama mmoja mnene, aliyeshika beseni, alisimama mbele yangu. "Samahani dada, sikufahamu. Wewe ni nani wa marehemu?"

Kwa miaka yote nilikuwa na jibu la swali hilo: cheo, daraja, na aina ya uzi. Nilitafuta jingine.

"Alinifundisha kazi," nikasema. "Nilikuwa siji kumwona."

Akaniangalia kidogo, akaguna, kisha akainama akaniwekea lile beseni mapajani.

"Haya, sasa umekuja," akasema. "Menya vitunguu."